Farasi wa mbao aliyenifanya niweke msasa chini

Ngoja nianze na kosa langu maana bila hilo hii stori haina kichwa wala miguu. Siku ya tatu tangu nianze kujitolea kwenye karakana moja huku Marekani, wanatengeneza merigoraundi ya zamani ya mbao (ile ya farasi wa kuzunguka wanaopandwa na watoto nayosema, sio ile ya kina mama kuchangiana hela), nilipewa mguu wa mbele wa farasi. Mguu peke yake, gundi yake ilishakufa kitambo ukachomoka begani. Nikaambiwa kaa nao, uuangalie. Sasa mie ni seremala, nimekulia kwenye maranda ya baba yangu, mtu akinipa mbao chafu akaniambia niiangalie nasikia isafishe. Nikachukua msasa namba 80 nikaupiga dakika kama kumi hivi, rangi yote ikaondoka kuanzia goti mpaka kwato, mbao ikatoka nyeupe peee, nikaisogeza kwenye mwanga nikajiona fundi kwelikweli.

Akaja Mzee anayesimamia pale. (Wenzangu wanamwita jina lake tu kama kawaida ya huku, mie nikashindwa, mtu ana mvi zote zile, nikawa namwita Mzee, nilipomweleza maana yake akafurahi na jina likamkaa.) Hakupiga kelele. Akanionyesha vumbi lililojaa mezani akasema rangi ya kwanza ya huu mguu ipo humo ndani, haya niambie ilikuwa rangi gani. Nikaangalia. Kijivu. Rangi zote ukizisaga pamoja zinaishia kuwa kijivu. Halafu akaniambia nenda kaoshe uso, osha mikono mpaka kwenye viwiko na hilo shati ulivue, maana rangi za zamani zina madini ya risasi na wewe umetoka kuivuta dakika kumi bila maski.

Aisee niliona aibu. Usiku ule nilikaribia kuamua nisirudi tena.

Nilirudi kwa sababu ya mbao, niseme ukweli. Yaani ule mguu niliouharibu ulikuwa umechongwa vizuri kiasi kwamba mshipa wa nyuma ya goti unauona, na hiyo ni sehemu ambayo mtoto akipanda haoni wala mzazi aliyesimama nje haoni vizuri, lakini kuna mtu alikaa na patasi akauchonga mshipa. Nikataka kujua ni watu gani hao.

Kumbe historia yenyewe haikuanza na watoto hata kidogo. Merigoraundi kwa Kizungu inaitwa pia carousel, na neno hilo linatokana na michezo ya wapanda farasi wa Ulaya, wanaume wazima na mikuki yao wanakimbiza farasi kulenga pete iliyoning'inizwa. Mwaka 1662 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifanya onyesho kubwa la michezo hiyo Paris na mpaka leo pale mahali panaitwa Place du Carrousel. Watu wakatengeneza farasi wa mbao wa kufanyia mazoezi, wanazungushwa kwa nguvu za watu au punda, mwisho ikawa burudani tu. Karne ya 19 Waingereza wakaingiza injini ya mvuke, huyo ni Frederick Savage wa King's Lynn ndo alifanya kazi kubwa zaidi, na hapo sasa ukaweza kuweka farasi wengi na wakubwa maana sio punda tena anayevuta.

Marekani hizi merigoraundi zilikuzwa na wahamiaji, na hapa ndo nilianza kuona kama stori inanihusu. Gustav Dentzel alitoka Ujerumani akafungua kazi Philadelphia miaka ya 1860. Charles Looff naye alitoka upande huohuo, akafika New York 1870, alikuwa anachonga kwenye kiwanda cha samani na inasemekana vipande vya mbao vilivyobaki kazini alikuwa anabeba nyumbani jioni anachongea wanyama, mpaka 1876 akasimika merigoraundi yake pale Coney Island, ufukwe wa starehe wa New York. Seremala mhamiaji anayebeba mabaki ya mbao nyumbani! Mke wangu aliposikia hiyo akacheka akaangalia kona ya sebule yetu ilivyojaa, sitaki kusema zaidi.

Basi kuanzia miaka ya 1880 mpaka 1920 na kitu hivi ndo ulikuwa wakati wao. Kila kundi na mkono wake. Wa Philadelphia wanapenda farasi anayefanana na farasi, misuli, mishipa, uso wa kweli. Wa Coney Island kina Marcus Illions wanapenda mbwembwe, manyoya ya shingo yanapaa kama moto, dhahabu, vioo vya rangi vimebandikwa kama vito. Na kuna wale wa maonyesho ya kuhamahama kama Allan Herschell na Charles Parker, farasi wao wepesi, miguu imekunjwa kwa nyuma na mbele ili wapangike vizuri wakipakiwa kwenye treni. Wetu ni wa mkono wa Philadelphia. Mie kwa upande wangu vito naona ni kujaza tu, lakini kuna dada mmoja pale karakana tukianza huo ubishi kazi inasimama.

Halafu ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, nani atamlipa mchongaji? Viwanda vikafa, waliobaki wakahamia farasi wa alumini. Zile za mbao zikaungua moja moja maana mbao, rangi ya mafuta na grisi vyote viko chini ya paa moja, nyingine zikaoza. Ila pigo lililoniuma zaidi ni la miaka ya 1970 na 80, pale watu walipogundua kwamba farasi mmoja mmoja anauzika ghali kama sanaa, basi merigoraundi nzima inakatwa vipande mnadani, huyu farasi anaenda sebuleni kwa fulani na yule ofisini kwa fulani. Zilijengwa maelfu, za mbao zilizobaki nzima hazifiki 200.

Sasa kazi yenyewe. Farasi wa merigoraundi sio gogo moja kama nilivyodhani. Tumbo ni sanduku, mbao zimegundishwa ubavu kwa ubavu na ndani kuko wazi kabisa, kwanza apungue uzito na pili mbao nene ikiwa nzima inapasuka ikikauka. Shingo inaunganishwa kivyake, kichwa kivyake, miguu minne kivyake kwa pini za mbao, na mkia mara nyingi ni singa za farasi wa kweli. Mti wenyewe wanatumia basiwudi, mlaini, nyuzi zake zimetulia, patasi inakwenda upande wowote bila kukung'ang'ania. Kwenye mguu nyuzi zinafuata urefu wa mguu, kwa hiyo pale juu ya kwato panapopinda ndo panavunjika kila mara. Farasi wetu alikuwa amevunjika hapo miguu miwili, na waliomtengeneza kabla yetu walipiga chuma na bolti halafu wakafunika na puti ya magari. Puti ya magari! Mbao inapumua, inavimba na kunywea kila msimu, puti haipumui, basi ufa unahamia pembeni yake. Bolti moja ilituchukua siku mbili kuitoa.

Gundi tunayotumia ni ileile ya zamani ya ngozi, unaichemsha taratibu kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, inanuka kwato zilizoungua, shati linanuka, gari linanuka. Niliuliza kwa nini tusipige gundi ya kisasa tumalize. Mzee akasema hii ikija kuharibika miaka 80 ijayo huyo fundi ataweka joto na maji kidogo itaachia bila kuvunja kitu, ile yako atalazimika kukata mbao. Nikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumfikiria fundi atakayekuja kufumua kazi yangu, siku zote nilikuwa nafunga kitu ili kisifumuliwe milele.

Kitu kingine kilichonichekesha ni kwamba farasi hawa wana upande wa sura na upande wa uvivu. Merigoraundi za Marekani zinazunguka kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo ubavu wa kulia ndo unaangalia watu, na huko ndo maua, ndo mikanda, ndo manyoya yote yamemwagwa. Ubavu wa kushoto unaoangalia ndani umechongwa haraka haraka kama mtu anawahi basi. Za Uingereza zinazunguka kinyume cha hapo na upande wenye sura ni kushoto. Na wale wakubwa wenye urembo mwingi wanakaa safu ya nje na hawapandi wala kushuka, wamesimama tu. Wanaoruka ni wa ndani. Huko juu kuna mlingoti wa katikati na mikono ya mbao imetawanyika kama mbavu za mwavuli, jukwaa lote na farasi wote wananing'inia kwenye hiyo mikono, yaani chini hamna magurudumu, watu wengi hawajui hilo. Kila krenki (kile chuma kilichopinda kinachobeba farasi) ina gia ndogo mwishoni inatembea juu ya gia kubwa isiyozunguka pale katikati, mikono ikizunguka krenki inajizungusha yenyewe na farasi anapanda anashuka. Hamna mota ya pili. Nilikaa chini yake nikaangalia saa nzima.

Turudi kwenye rangi maana ndo nilipoharibu na ndo nilipojifunza.

Baada ya ule mguu nilinyang'anywa msasa kabisa. Nikapewa kisu kidogo cha upasuaji, darubini ya kuvaa kichwani na maski, nikaambiwa fungua dirisha. Dirisha ni duara dogo kama kifungo cha shati, unakwangua tabaka moja, unasogea ndani kidogo unakwangua la pili, unazidi kusogea, mpaka katikati unafika kwenye mbao. Ukimaliza unaona miduara kama ya mti uliokatwa. Sababu ni kwamba zamani kila majira ya baridi wenye viwanja vya burudani walikuwa wanafunga na kupaka farasi upya juu ya rangi ya zamani, rangi yoyote iliyopo stoo, hawakwangui, wanapaka tu. Dirisha langu la kwanza lilikuwa kwenye tandiko, chini ya paja la mpandaji. Nilihesabu matabaka 14. Nyekundu juu, nyekundu nyingine, kahawia, krimu, kahawia, halafu kijani, kijani, na chini kabisa kabla ya rangi nyeupe ya msingi kulikuwa na kijani nyingine nzuri ya majani, nikamwita Mzee kwa furaha nikamwambia tandiko lilikuwa kijani.

Akachukua kijiti chenye pamba, akachovya kwenye dawa, akakibingirisha pale taratibu mara mbili tatu. Pamba ikatoka ya njano kama chai, na pale chini ikatokea buluu. Buluu kabisa! Ilikuwa ni vanishi ya zamani iliyogeuka njano juu ya rangi ya buluu, njano na buluu ni kijani, mtoto wa chekechea anajua hilo. Ningekuwa peke yangu farasi angepakwa kijani na ningeapa kwamba ndo rangi yake halisi.

Miezi minne nilikuwa nakwangua hilo tandiko na mikanda yake Jumamosi na Jumapili. Kama unaona ni mingi, Jane Walentas na mumewe walinunua merigoraundi ya mwaka 1922 kwenye mnada Ohio mwaka 1984, mama mwenyewe akakwangua farasi wake kwa kisu kidogo miaka na miaka, ikaja kufunguliwa kando ya mto kule Brooklyn, New York, mwaka 2011. Kwa hiyo mie na miezi yangu minne ninyamaze.

Kazi ya kukwangua inakupa muda wa kufikiri, labda mwingi mno. Siku moja nikiwa tabaka la sita au la saba hivi, lile la krimu, nikamuuliza Mzee bila kupanga, hivi wakati wanapaka hii rangi mtu kama mimi angepanda huyu farasi? Akaweka kisu chini. Akaniambia ya Glen Echo, kiwanja cha burudani kule Maryland. Kuna merigoraundi ya Dentzel ilisimikwa pale 1921 na watu weusi walikuwa hawaruhusiwi kuingia kwenye kile kiwanja. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wa Howard, chuo kikuu cha watu weusi, wakaingia wakapanda wale wanyama wakiwa na tiketi mkononi, wakaambiwa washuke wakakataa, watano wakakamatwa palepale juu ya farasi. Wenzao na majirani wa eneo lile wakaandamana getini kiangazi chote, na 1961 kiwanja kikafunguliwa kwa wote. Kesi ya wale watano ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na 1964 hukumu zao zikafutwa. Halafu akaniambia ya Gwynn Oak karibu na Baltimore, kiwanja kilifungua milango kwa watu weusi tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile Martin Luther King anahutubia Washington, na mtoto mweusi wa kwanza kupanda merigoraundi yao siku hiyo ni Sharon Langley, hata mwaka alikuwa hajafikisha. Ile merigoraundi baadaye ilihamishiwa katikati ya Washington, pale National Mall.

Nikarudi kwenye krimu yangu lakini mkono ukawa mzito. Maana fikiria, mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba rangi ya kwanza ni mali, kila mtu pale anaitafuta kama dhahabu. Lakini haya matabaka ya katikati tuliyokuwa tunayaita uchafu tunafagia kila jioni, si ndo hiyo miaka yenyewe? Tabaka la mwaka ambao mtoto mmoja anapanda na mwenzake anaangalia kwenye uzio liko humu, nene kama kucha. Tukikwangua mpaka buluu tukapaka buluu mpya inakuwa kama farasi ametoka kiwandani akaingia moja kwa moja leo, hapo katikati hapakutokea kitu.

Nikamwambia Mzee. Tukabishana, sio kwa ubaya. Yeye akasema rangi ya juu inabanduka, watoto wataitia mdomoni, na ina risasi. Kweli. Nikasema basi tuache mahali ambapo mtoto hafiki. Wengine wakaingia, yule dada wa vito akawa upande wangu (nilishangaa). Mwisho tukakubaliana, kwenye ubavu wa uvivu, chini ya tumbo, tuliacha kipande kirefu kama mkono na kipana kama vidole vitatu, matabaka yote 14 yako palepale, tukafunika kwa vanishi safi mara kadhaa. Ukitaka kukiona lazima ulale chali kwenye jukwaa. Na rangi ya kwanza ilipobaki nayo tuliifunika kwa vanishi inayotoka kwa dawa, ndo tukapaka rangi mpya juu yake, kwa hiyo ile buluu ya fundi wa kwanza bado iko, siku mtu akiitaka ataikuta.

Kupaka kulikwenda haraka kuliko nilivyofikiri, wiki tatu. Dhahabu ndo ilinitesa, ile karatasi yake ni nyembamba mpaka ukipumua inakunjika, unaiinua na brashi uliyoipitisha shavuni ipate mafuta kidogo ili inase. Ule mguu wangu ilibidi tuupake kwa kukisia kutokana na miguu mingine mitatu, na ukiusogelea utaona ni msafi kupita wenzake. Mzee hakuwahi kuutaja tena. Mimi ndo nauona kila nikipita.

Nimeruka kitu kimoja. Kabla ya rangi, wakati tumbo bado liko wazi tunasubiri kugundisha ubao wa mgongo, nilichungulia ndani na tochi. Maranda ya mchongaji yalikuwa bado humo kwenye kona, yamekunjika vilevile, na kwenye ubao mmoja kuna namba imeandikwa kwa penseli na mstari wa patasi iliyoteleza. Jina hamna. Wachongaji wengi hawakuweka jina.

Mzee akanipa penseli akasema kila anayefungua anaandika kitu, zamu yako. Wenzangu waliandika tarehe. Nikafikiria weee, gundi inapoa, watu wananiangalia na klampu mkononi, nikainama nikaandika kwa Kiswahili herufi kubwa kabisa: USIPIGE MSASA. Mzee akauliza umeandika nini, nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema huyo fundi wa miaka 80 ijayo ataisoma vipi? Nikamwambia atatafuta mtu wa kumtafsiria, na akiwa bado anamtafuta, msasa atakuwa hajaushika.

Tukapaka gundi, tukafunga ubao, tukakaza klampu.